Leseni ya Mfumo Endeshi wa Kompyuta: Ipi Yafaa Kuchaguliwa?

Mwanachama mmoja wa Pemba ametuletea barua akiuliza jambo ambalo halijapata kuulizwa katika kurasa hizi. Mwanawe yumo chuoni akisoma elimu ya kompyuta, na kwa muda wa miaka miwili yeye na wenzake wawili wamekuwa wakitunga mfumo endeshi mdogo. Sasa wataka kuutoa ili watu wautumie, na mwalimu wao amewaambia kwamba kabla ya kuutoa hawana budi kuuchagulia leseni. Baba mtu auliza: leseni hiyo ni kitu gani, yakatwa wapi, na yalipiwa kiasi gani? Tumeona swali hili lafaa kujibiwa mbele ya wanachama wote, kwani si yeye peke yake mwenye kijana katika kazi hizi. Tena kila mwenye simu ya mkononi ya siku hizi anazo leseni za namna hiyo mfukoni mwake, ajue asijue.

Kwanza tuondoe utata. Leseni inayosemwa hapa si ile ikatwayo serikalini, kama leseni ya duka au ya gari, wala haina ada. Ni ruhusa ambayo mwenye mali humpa mtu mwingine, pamoja na masharti yake. Mfano wake tunao wenyewe mashambani. Mtu akimkodisha mwenziwe mikarafuu yake kwa msimu, mkodi ana haki ya kuchuma, lakini hana haki ya kuukata mti wala kuuza shamba. Mikarafuu imebaki kuwa ya mwenyewe. Kilichohama ni ruhusa tu, na ruhusa hiyo ina mipaka iliyokubaliwa. Leseni ya programu ni hivyo hivyo, ila mkodi hapa si mmoja bali ni mtu yeyote duniani, na mara nyingi msimu wake hauna mwisho.

Mfumo endeshi nao ni ile programu kuu inayoamka kompyuta inapowashwa, ikazisimamia nyingine zote: hugawa nafasi ya kumbukumbu, hupokea maneno yanayopigwa kwenye vibonye, huhifadhi mafaili, na huzungumza na vyombo vilivyounganishwa. Windows ni mmoja wa mifumo hiyo, Linux ni mwingine, na Android iliyomo katika simu nyingi ni mwingine uliojengwa juu ya Linux. Katikati ya kila mfumo pana sehemu iitwayo kiini, ambayo ndiyo yenye amri ya mwisho juu ya mashine.

Kuna jambo moja ambalo asiyelijua hawezi kuelewa yanayofuata. Programu ina sura mbili. Sura ya kwanza ni maandishi ya asili, ambayo mtunzi huyaandika kwa mikono yake na ambayo mtu mwenye elimu hiyo aweza kuyasoma na kuyasahihisha; wataalamu huyaita msimbo chanzo. Sura ya pili ni ile iliyokwisha kugeuzwa kuwa tarakimu za kufahamiwa na mashine. Aliyepewa sura ya pili peke yake ni kama aliyepewa chupa ya mafuta ya makonyo: aweza kuyatumia, lakini hawezi kuyarudisha yakawa makonyo tena. Ugomvi wote wa leseni, kwa miaka zaidi ya hamsini sasa, umekuwa juu ya maswali haya: nani apewe makonyo, na akishapewa afanye nini nayo.

Sheria ya hakimiliki humpa mtunzi haki zake tangu pale anapoandika, bila ya kujiandikisha popote. Zanzibar inayo sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003, na mapatano ya mataifa huzihesabu programu za kompyuta pamoja na vitabu. Hapa vijana wengi hudanganyika. Hudhani kwamba wakiweka kazi yao hadharani kwenye intaneti bila ya leseni yoyote, basi wameitoa sadaka. La, sivyo. Kazi isiyo na leseni ni kazi iliyokatazwa: mtu aweza kuiona, lakini hana ruhusa ya kuinakili, kuibadili wala kuigawa. Mwenye hekima hataigusa, na kazi itakaa mpaka isahauliwe. Kwa hiyo mwalimu wa vijana hawa amesema kweli. Kutochagua nako ni kuchagua, tena ni uchaguzi mbaya kabisa.

Sasa twende kwenye mambo yaliyotokea, kwani katika habari hii historia yafundisha kuliko kanuni.

Mwaka 1969, katika maabara ya Bell ya kampuni ya simu ya Marekani iitwayo AT&T, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kutunga mfumo uitwao UNIX. Kampuni hiyo ilikuwa imefungwa na hukumu ya mwaka 1956 iliyoizuia kufanya biashara nje ya kazi ya simu. Basi haikuweza kuuza UNIX kama bidhaa. Ikawapa vyuo vikuu leseni kwa ada ndogo, pamoja na msimbo chanzo wake. Vyuo vikafurahi. Huko Australia mwalimu John Lions aliandika mwaka 1976 kitabu cha kueleza msimbo huo mstari kwa mstari, na wanafunzi wakajifunza kwa kusoma kazi ya mafundi wakubwa. Lakini toleo la 7 la UNIX lilipotoka mwaka 1979, leseni ilibadilika: msimbo ukakatazwa kufundishwa darasani. Kitabu cha Lions kikawa kinanakiliwa kwa siri, mkono kwa mkono, hata mwaka 1996 kilipochapishwa kwa ruhusa. Mwaka 1984 kampuni ilivunjwa vipande, kizuizi cha kibiashara kikaondoka, na UNIX ikawa bidhaa ya bei kubwa.

Angalieni jinsi mstari mmoja wa leseni unavyozaa mambo. Andrew Tanenbaum, mwalimu wa chuo kikuu huko Amsterdam, alipoona hana tena mfumo wa kuwafundishia wanafunzi, alikaa akatunga wake mwenyewe, MINIX, akautoa mwaka 1987 pamoja na kitabu. Msimbo wake ulisomeka, lakini uliuzwa na mchapishaji, na aliyeufanyia marekebisho hakuwa na ruhusa ya kuugawa mfumo mzima uliorekebishwa. Aliweza kugawa viraka tu, kila mtu akaenda kuvishona kwake. Watu walichoka. Mmoja wa waliochoka alikuwa mwanafunzi wa Helsinki, Finland, mwenye umri wa miaka 21, jina lake Linus Torvalds. Mwezi Agosti mwaka 1991 aliwatangazia watumiaji wa MINIX kwamba anatunga mfumo wake, kwa kujifurahisha tu, wala hautakuwa mkubwa.

Leseni ya kwanza ya Linux aliiandika Torvalds mwenyewe. Ilisema kwamba msimbo lazima utolewe, na kwamba mtu asitoze fedha yoyote kwa kuugawa, hata gharama ya kuunakili. Nia ilikuwa njema. Lakini kwa siku zile programu ilisafiri kwa disketi, na disketi hununuliwa. Mtu aliyetaka kuwanakilia wenziwe hamsini katika mkutano alizuiwa hata kurudisha gharama yake. Torvalds alisikia maombi, akawauliza wale wachache waliokwisha kumsaidia, na kuanzia Februari 1992 Linux ikahamia kwenye leseni iitwayo GPL, toleo la 2. Baadaye amesema mwenyewe kwamba katika yote aliyoyafanya kwa Linux, hilo lilikuwa bora kuliko yote. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zilizoorodheshwa kuwa zenye nguvu kuliko nyingine duniani zimekuwa zikiendeshwa kwa Linux.

Basi leseni zenyewe ni za aina gani? Ziko nyingi mno, makumi kwa makumi, lakini kwa mtunzi wa mfumo endeshi aina kubwa ni tatu tu.

Ya kwanza ni leseni iliyofungwa. Mnunuzi hupata sura ya mashine peke yake, na msimbo hubaki kwa mwenyewe. Windows iko hivyo. Hatusemi ni haramu. Mtu ana haki ya kuuza kazi yake apendavyo. Lakini mnunuzi ajue alichonunua. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida kwa Windows 10. Mashine zilikuwa nzima zikifanya kazi, ila hakuna mtu mwingine awezaye kuuziba ufa utakaoonekana kesho katika mfumo huo, kwa sababu hakuna mwingine mwenye ruhusa wala msimbo. Kwa vijana watatu wa chuoni aina hii haifai hata kidogo. Hakuna atakayenunua mfumo endeshi usiojulikana, na hakuna atakayewasaidia kuukuza.

Aina ya pili ni leseni huria iliyo laini. Mashuhuri zake ni ya BSD, iliyotoka Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, na ya MIT. Hizi ni fupi, za kusomwa kwa kikombe kimoja cha chai. Zasema: chukua, tumia, badili, uza, fungia ndani ya bidhaa yako ukipenda, ila liache jina langu na tamko hili mahali pake, wala usinishitaki ikiharibika. Basi. Aliyechukua halazimiki kurudisha chochote. Hapo mwanzo leseni ya BSD ilikuwa na sharti moja zaidi, kwamba kila tangazo la bidhaa litaje chuo hicho. Wengine wakaiga wakiweka majina yao, hata Richard Stallman alipouangalia mfumo wa NetBSD wa mwaka 1997 alihesabu sentensi 75 za namna hiyo ambazo mtangazaji angepaswa kuzichapa. Chuo kilifuta sharti hilo mwaka 1999.

Faida ya leseni laini ni kwamba kazi huenea mbali bila ya hofu ya mtu yeyote. Kampuni ya Apple ilichukua sehemu kubwa kutoka katika mifumo ya BSD ilipojenga mfumo wa kompyuta zake uliotoka mwaka 2001. Mchezo wa PlayStation 4 wa kampuni ya Sony, wa mwaka 2013, nao umejengwa juu ya FreeBSD. Wapo warudishao kwa hiari: kampuni ya Netflix hutumia FreeBSD kupeleka picha zake, na marekebisho yake mengi huyarudisha kwa watunzi, kwa kuwa kuyabeba peke yake kila toleo jipya linapotoka ni mzigo na gharama. Lakini hiari ni hiari.

Na wapo wasiosema hata ahsante. Tanenbaum aliiweka MINIX chini ya leseni ya BSD mwaka 2000. Mwaka 2017 ikajulikana kwamba kampuni ya Intel ilikuwa imeitia MINIX ndani ya kompyuta ndogo iliyofichwa katika vichipu vyake, ambayo hufanya kazi chini ya mfumo wa mwenye mashine bila ya yeye kuiona. Mtunzi mwenyewe hakuwa ameambiwa. Aliandika barua ya wazi kwa kampuni hiyo, akasema kwamba leseni haikuwalazimu kumwarifu, ila ingekuwa adabu. Leseni ilifuatwa neno kwa neno. Hapakuwa na kosa la kushitaki. Kijana anayetaka leseni laini na ajiulize mapema kama yuko radhi na mambo ya namna hiyo. Kuna watu walio radhi kwa moyo mmoja, nao twawaheshimu.

Aina ya tatu ndiyo iliyochaguliwa na Linux. Mtunzi wake ni huyo Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika chuo cha MIT, Marekani. Mwaka 1983 alitangaza mradi wa GNU wa kutunga mfumo mzima ulio huru, na mwaka 1989 akatoa toleo la kwanza la GPL. La pili lilitoka mwaka 1991 na la tatu mwaka 2007. Fikra yake yaweza kuelezwa kwa miche. Tuseme una kitalu cha mikarafuu ya mbegu njema, nawe wampa miche kila aombaye. Wamwambia: panda, chuma, uza, tajirika, lakini ukianzisha kitalu kutokana na miche yangu, na ukawapa au kuwauzia watu miche yako, basi nao wawe na haki ile ile niliyokupa wewe, na uwaonyeshe ulivyoipandikiza. Huna ruhusa ya kuchukua mbegu iliyotolewa kwa wote ukaizungushia ukuta.

GPL haikatazi biashara, ingawa wengi husema hivyo. Mtu aweza kuuza programu ya GPL kwa bei aitakayo. Wala haimlazimu mtu aliyeibadili programu akaitumia ndani ya nyumba yake kumwonyesha jirani. Sharti huamka pale anapompa mtu mwingine: hapo mpokeaji ana haki ya kupata msimbo chanzo pamoja na mabadiliko yote, chini ya leseni ile ile.

Sharti hili si la kwenye karatasi tu. Mwishoni mwa mwaka 2002 kampuni ya Linksys ilitoa kifaa cha kugawia intaneti nyumbani, WRT54G. Mwaka uliofuata watu wakagundua kwamba ndani yake mna Linux, na msimbo haukutolewa. Wakadai. Kampuni ya Cisco, ambayo ilikuwa imeinunua Linksys mwaka huo huo wa 2003, ikautoa. Kutokana na msimbo huo ukaanzishwa mwaka 2004 mradi wa OpenWrt, ambao hata leo hutengeneza mfumo wa vifaa vya intaneti vya kampuni nyingi, vikiwamo vilivyotupwa na watengenezaji wake. Na mwaka huo huo wa 2004 mahakama ya Munich, Ujerumani, iliamua kwamba masharti ya GPL yana nguvu ya kisheria. Lau kiini kile kingekuwa chini ya leseni laini, pasingekuwa na dai wala OpenWrt.

Wako wanaoiogopa GPL katika mfumo endeshi kwa kudhani kwamba kila programu itakayopanda juu ya mfumo huo italazimika kuwa ya GPL pia. Torvalds aliliona hilo mapema, akaandika juu ya hati ya leseni ya Linux kwamba programu za kawaida zinazoomba huduma ya kiini kwa njia iliyowekwa hazihesabiwi kuwa zimetokana na kiini. Ndiyo maana kampuni huuza programu zilizofungwa juu ya Linux bila ya tatizo. Vijana wetu, wakichagua njia hii, na waandike tamko kama hilo wazi tangu siku ya kwanza. Ni sentensi chache, nazo huondoa hofu ya miaka.

Kati ya toleo la 2 na la 3 la GPL pana tofauti ambayo kwa mfumo endeshi ni kubwa. Kampuni ya TiVo, iliyouza mashine za kurekodi televisheni, ilitumia Linux na ikatoa msimbo kama ilivyotakiwa. Lakini mashine yenyewe ilikataa kuwaka ikiwa mfumo wake umebadilishwa. Ni sawa na kumpa mtu ufunguo wa ghala lililojengewa ukuta mlangoni. Stallman na wenzake wakaweka katika toleo la 3 sharti la kuzuia hila hiyo kwa vyombo vya nyumbani. Torvalds alikataa kuhamia huko. Kwake yeye, msimbo ndio deni, na mashine ni ya mtengenezaji. Sisi twaona kila mmoja ana hoja. Mwenye kujali zaidi haki ya mnunuzi wa chombo atalipenda toleo la 3. Mwenye kutaka viwanda visikimbie atalipenda la 2. Lakini hata kama Torvalds angetaka kuhama, asingeweza kwa urahisi. Linux ina vipande vya maelfu ya watu, kila mmoja ana hakimiliki ya kipande chake, na wengine wamekwisha kufariki. Mwaka 1992 aliweza kuwauliza wote kwa siku chache. Mwaka 2007 lilikuwa jambo lisilowezekana. Ndipo twasema uchaguzi huu hufanywa mapema, wakati watunzi bado ni watatu na wote wako chuoni.

Kuna jambo la hataza nalo lina sehemu yake. Hataza ni haki ya uvumbuzi, nayo ni mbali na hakimiliki. Mtu aweza kukupa ruhusa ya kunakili programu yake, kisha akakudai kwa hataza iliyomo ndani yake. Leseni za BSD na MIT hazitaji neno hilo. Leseni ya Apache, toleo la 2 la mwaka 2004, ni laini kama zile lakini yasema waziwazi kwamba kila mchangiaji ametoa ruhusa ya hataza zake zinazohusika, na anayefungua kesi ya hataza juu ya kazi hiyo hupoteza ruhusa yake. Toleo la 3 la GPL nalo lina ulinzi wa namna hiyo. Android hutumia njia mbili kwa pamoja: kiini chake ni Linux chini ya GPL, na sehemu kubwa ya vilivyo juu yake ni chini ya Apache. Kwa hiyo mtengenezaji wa simu aweza kuficha mapambo yake ya juu, lakini kiini hana budi kukitolea msimbo.

Halafu kuna leseni zisizopatana. Kampuni ya Sun ilifungua mfumo wake wa Solaris mwaka 2005 chini ya leseni iitwayo CDDL. Mlikuwamo ndani yake ghala la mafaili liitwalo ZFS, kazi nzuri mno, na watu wa Linux waliitamani. Lakini masharti ya CDDL na ya GPL hayachanganyiki, na hadi leo ZFS haimo ndani ya Linux yenyewe, hubebwa pembeni. Mwaka 2010 kampuni ya Oracle iliinunua Sun na ikaacha kutoa msimbo mpya wa Solaris. Ule uliokwisha kutolewa haikuweza kuurudisha, na watunzi wakauendeleza kwa jina la illumos. Hata Apache ya 2 na GPL ya 2, kwa maoni ya waandishi wa GPL wenyewe, hazipatani, ilhali Apache ya 2 na GPL ya 3 zapatana. Basi kijana aliyekusudia kuazima vipande kutoka Linux hana hiari: vipande hivyo vitamlazimu achague GPL ya 2. Aliyekusudia kuazima kutoka BSD aweza kwenda popote. Swali la kwanza kuulizwa, kwa hiyo, si lipi nilipendalo, bali nimeazima nini na kwa nani.

Swali hili la asili si la kuchezewa. Mwaka 1992 kampuni tanzu ya AT&T iliishitaki kampuni iliyokuwa ikiuza mfumo wa BSD, na baadaye chuo cha Berkeley pia, ikidai kwamba wameiba msimbo wa UNIX. Kesi ilimalizwa kwa suluhu mwaka 1994. Katika mafaili kama 18,000, matatu tu ndiyo yaliyoondolewa, na kama 70 yakaongezewa tamko la hakimiliki. Kwa mafaili matatu, watu waliiogopa BSD kwa miaka miwili, na miaka hiyo ndiyo Linux ilipopanda. Torvalds amesema kwamba kama mfumo wa 386BSD ungekuwapo tayari alipoanza, huenda Linux isingetungwa. Vijana na waweke daftari la kila kipande: nani aliandika, lini, na kimetoka wapi. Wakisoma kwa fedha za mfadhili, au mmoja wao ameajiriwa, watazame mkataba wake, kwani huenda aliyeandika si mwenye mali. Na wao watatu waandikiane karatasi.

Tena wasijitungie leseni yao. Wako waliofanya hivyo kwa nia nzuri. Mtunzi mmoja mashuhuri wa Marekani, Douglas Crockford, aliongeza katika leseni yake sharti kwamba programu itumiwe kwa mema wala si kwa maovu. Nani atakayekataa? Lakini nani naye atakayeamua? Wanasheria wa makampuni walikuja juu, na mashirika ya programu huria yaliikataa leseni hiyo, kwa kuwa sharti lisilo na mpaka halina usalama kwa anayelikubali. Leseni zilizokwisha kupita mikononi mwa mahakimu ni bora kuliko ufasaha wa mtu mmoja.

Labda mwanachama atauliza, nasi tuna faida gani katika haya? Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na hesabu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Wafasiri hawakupeleka ombi kwa kampuni yoyote wala kungoja mtu aone kama Kiswahili kina soko. Ruhusa ilikuwa imekwisha kuandikwa ndani ya leseni. Mfumo wa vijana hawa, ukiwa huria, utaweza kufanyiwa hivyo hivyo na watu wa lugha ambazo wao hawajapata kuzisikia.

Ushauri wetu ni huu. Ikiwa wanautoa mfumo huo ili fikra zake zienee, na hawatajali nani atauficha ndani ya chombo gani, wachukue Apache ya 2, au BSD ikiwa wapenda ufupi. Ikiwa wataka kila atakayeuboresha na kuugawa awape watu wengine maboresho yake, wachukue GPL, na watamke kama ni toleo la 2 peke yake au “toleo la 2 au lolote la baadaye”, kwani maneno hayo machache ndiyo yaliyoleta mjadala mkubwa mwaka 2007. Sisi, kwa mfumo endeshi unaoanzwa na watu wachache wasio na mtaji, twaegemea GPL. Wenye nguvu ndogo hawana namna nyingine ya kumfanya mwenye nguvu kubwa arudishe alichoongeza. Lakini ni maoni yetu, na kazi ni yao.

Wakishaamua, hati nzima ya leseni, bila ya kupunguzwa neno, iwekwe katika faili lake kwenye mwanzo wa kazi. Desturi ni kuliita COPYING au LICENSE. Juu ya kila faili la msimbo yaandikwe mwaka, majina ya wenye hakimiliki, na jina la leseni pamoja na nambari ya toleo. Mtu wa nne akija na mchango, aambiwe leseni kabla ya mchango wake kupokelewa, na jibu lake litiwe katika daftari lile lile.